Mwalimu Nyerere na maneno magumu: jinsi mtoto wa Butiama alivyojifunza Kiingereza, na alichokifanya nacho



Kila mwezi Januari, maelfu ya watoto wa Kanda ya Kati huingia kidato cha kwanza. Wametoka shule za msingi za Bahi, Kongwa, Mpwapwa, Kondoa, Manyoni na Chamwino, ambako wengi wao walisoma karibu kila kitu kwa Kiswahili, isipokuwa somo la Kiingereza lenyewe. Ghafla biolojia, kemia, jiografia na fizikia vyote vinakuja kwa Kiingereza. Mtoto aliyejua vizuri kwamba mmea hujitengenezea chakula kwa msaada wa mwanga wa jua, na aliyejua kabisa neno usanisinuru, sasa anaona ubaoni "photosynthesis", na anahisi kama hajawahi kusikia habari hiyo maishani mwake.

Katika ujumbe unaotufikia studioni kutoka kwa wazazi na wanafunzi, swali moja hurudi mara nyingi: mtu hujifunzaje maneno magumu ya Kiingereza hadi akayaelewa, badala ya kuyakariri kwa ajili ya mtihani na kuyasahau wiki inayofuata?

Wiki hii tunalitazama swali hilo kupitia maisha ya mtu ambaye kila Mtanzania anamjua kwa jina, lakini wachache hukumbuka kwamba naye alikuwa mwanafunzi aliyekutana na lugha ngeni mara mbili kabla ya kutimiza miaka ishirini. Huyu ni Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Tunamjua kama Rais wa kwanza. Leo tumtazame kama mtu wa maneno.

Kizanaki kwanza

Kambarage alizaliwa Butiama, karibu na Musoma, mwezi Aprili 1922. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki aliyekuwa na wake wengi, na mama yake, Mgaya wa Nyang'ombe, alikuwa mke wa tano. Jina Kambarage ni la mzimu wa mvua katika imani za Wazanaki. Lugha ya nyumbani ilikuwa Kizanaki. Kabila la Wazanaki ni dogo, na mtu aliyesafiri siku mbili tatu kutoka pale alikuwa tayari amefika kwa watu wasiomwelewa.

Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, alipelekwa shule ya Mwisenge mjini Musoma, zaidi ya kilomita 40 kutoka kwao. Huko ndiko alikojifunza Kiswahili. Jambo hili linafaa kukumbukwa, kwa sababu watu wengi hudhani Mwalimu alizaliwa na Kiswahili kile kilichotulia, chenye mizaha na mafumbo. La. Alikikuta shuleni, kama watoto wengi wa Kigogo na Kirangi walivyokikuta shuleni katika miaka hiyo. Kiswahili kilikuwa lugha yake ya kwanza ya kujifunza kwa jitihada, na Kiingereza kikafuata.

Alikuwa mwepesi darasani. Baada ya miaka mitatu hivi alikuwa amefanya mtihani wa kwenda mbele, akafaulu kwa kiwango cha juu sana, na mwaka 1937 akapelekwa Shule ya Serikali ya Tabora.

Tabora: kuzungumza kabla ya kukamilika

Tabora iko upande wa magharibi wa uwanda huu wetu wa kati, kwenye reli ileile inayopita Dodoma. Shule ile ilianzishwa katika miaka ya 1920, na awali ilikusudiwa hasa watoto wa machifu, ili waje kusaidia utawala wa Waingereza. Iliendeshwa kwa mtindo wa shule za bweni za Uingereza: viranja, nidhamu kali, michezo, na Kiingereza kila upande.

Wakati Kambarage akiwa Tabora, mwaka 1939, ilitoka kamusi kubwa ya Kiingereza na Kiswahili iliyohaririwa na Frederick Johnson kwa niaba ya Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki. Kamusi hiyo ilikuwa tegemeo la wanafunzi kwa miongo mingi baadaye. Lakini kamusi ni ghala tu. Mtu anaweza kukaa mlangoni mwa ghala na akalala njaa.

Kilichomsaidia Kambarage kilikuwa mdahalo. Pale Tabora alipenda sana mijadala ya hadhara, ambapo mwanafunzi anapewa hoja, anasimama mbele ya wenzake na kuitetea au kuipinga kwa Kiingereza. Mdahalo hauna huruma na mtu aliyekariri. Ukitumia neno kubwa usilolijua, mpinzani wako atakuuliza ulimaanisha nini, na ukumbi mzima utasubiri jibu. Ndiyo maana mtu anayefanya midahalo hujifunza kuchagua neno analoweza kulieleza. Tabia hiyo ilimkaa Mwalimu hadi uzeeni. Katika hotuba zake alikuwa na kawaida ya kusimama katikati, kulirudia neno moja, na kuuliza maana yake hasa ni nini kabla ya kuendelea.

Makerere: kitabu cha Mwingereza, maisha ya Wazanaki

Baba yake alifariki mwaka 1942. Mwaka uliofuata Kambarage alikwenda Chuo cha Makerere, Uganda, kusomea ualimu, na mwishoni mwa mwaka huohuo alibatizwa Mkatoliki na kuchukua jina la Julius.

Makerere ndiko alikosoma maandishi ya mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill. Mill aliandika kitabu kilichotoka mwaka 1869 kuhusu hali ya wanawake katika jamii, na katika jina la kitabu hicho mna neno "subjection". Hili ni neno la Kiingereza cha juu. Maana yake ni hali ya kuwekwa chini ya mamlaka ya mwingine, kutiishwa, kuishi kwa amri ya mtu mwingine bila kuwa na sauti.

Mwanafunzi wa kawaida angeandika neno hilo kwenye daftari na maana yake pembeni, yakaisha. Julius alifanya jambo jingine. Alichukua hoja za Mill na kuzipeleka Butiama. Aliandika insha akipima hali ya wanawake wa Kizanaki kwa hoja hizo, na insha hiyo ikashinda zawadi katika mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki. Kumbuka alikuwa mtoto wa mke wa tano. Neno lile lililotoka London lilipata sura ya watu aliowajua, wanaolima, wanaochota maji na wanaosubiri uamuzi wa wengine. Neno likishapata sura ya mtu unayemjua, halitoki tena kichwani.

Mwalimu wa wazee wa Tabora

Alimaliza Makerere mwaka 1945, akarudi Tabora na kufundisha katika shule ya misheni ya St. Mary's. Somo lake kubwa darasani lilikuwa biolojia na historia. Lakini baada ya saa za kazi alikuwa na darasa lingine. Aliwafundisha Kiingereza watu wazima wa pale mjini, bila kuwatoza hata senti.

Tufikirie darasa hilo kidogo. Mtu mzima hafundishwi kama mtoto. Ukimwambia mzee wa miaka 50 arudie neno mara kumi, atakuuliza linamsaidia nini. Anataka kujua neno lililoandikwa kwenye barua ya kodi, neno ambalo bwana shauri alilitamka barazani, neno lililo kwenye risiti. Mwalimu wa watu wazima analazimika kutafuta mfano kutoka sokoni, shambani na nyumbani kwa mwanafunzi wake. Na kila anayefundisha anajua siri hii: huwezi kumweleza mwenzako neno ambalo wewe mwenyewe umeliokota tu. Kufundisha ni mtihani wa mwalimu kabla ya kuwa mtihani wa mwanafunzi.

Katika miaka hiyohiyo alishiriki mdahalo wa hadhara pale Tabora kuhusu nani alifaidika zaidi tangu Afrika igawanywe na wakoloni, Mwafrika au Mzungu. Yeye alipinga wazo kwamba Mwafrika ndiye aliyefaidika zaidi, na akafanya hivyo kwa Kiingereza cha walewale waliougawa bara letu. Hapo Kiingereza kilikwisha kuwa chombo mkononi mwake.

Edinburgh

Mwaka 1949 alipata nafasi ya kwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland. Alikuwa miongoni mwa Watanganyika wa mwanzo kabisa kufika chuo kikuu cha Uingereza. Kule alisoma fasihi ya Kiingereza, uchumi wa siasa, anthropolojia, historia, sheria ya katiba na falsafa ya maadili. Mwaka 1952 alihitimu shahada ya uzamili katika sanaa, ambayo huko Scotland ndiyo shahada ya kwanza.

Angalia orodha hiyo ya masomo. Kila moja lina msamiati wake. Neno "interest" katika uchumi ni riba, katika siasa ni maslahi, na katika mazungumzo ya kawaida ni hamu ya kujua kitu. Neno "constitution" kwa mwanasheria ni katiba, kwa daktari ni jinsi mwili wa mtu ulivyoumbika na nguvu zake. Mtu anayejua maana moja tu atajikwaa mara kwa mara. Hapa ndipo wanafunzi wetu wa kidato cha kwanza wanapoumia pia: wanajifunza neno peke yake, bila kujua lipo kwenye somo gani, na linakaa na maneno yapi.

Kutoka jukwaa la New York hadi kwa wananchi

Alirudi nyumbani, akaoa mwaka 1953, akafundisha St. Francis, Pugu, na mwaka huohuo akawa rais wa chama cha TAA. Tarehe 7 Julai 1954 TAA ikageuka kuwa TANU. Mwezi Machi 1955 alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, New York, kueleza madai ya Watanganyika. Aliporudi aliambiwa achague kati ya ualimu na siasa. Aliacha kazi ya darasani, lakini jina la Mwalimu likabaki naye hadi leo.

Sasa alikuwa na wasikilizaji wa aina mbili. Kwa gavana na kwa Umoja wa Mataifa alizungumza Kiingereza cha sheria na katiba. Kwa wananchi wa Kilosa, Dodoma, Singida na Tabora alizungumza Kiswahili, lugha ambayo wengi wa wasikilizaji wake hawakuzaliwa nayo, kama yeye. Habari ilikuwa ileile. Jambo alilodai kule ng'ambo ilibidi mkulima wa mtama alielewe hapa bila kupunguziwa chochote.

Mwezi Januari 1958, katika mkutano wa TANU uliofanyika Tabora, kazi hiyo ilikuwa ngumu hasa. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeweka utaratibu wa uchaguzi ambapo kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia kwa pamoja. Wanachama wengi walitaka kususia. Mwalimu aliwashawishi wakubali kushiriki, kwa hoja za kueleweka, na uamuzi huo unakumbukwa kwa jina la Uamuzi wa Busara. Uhuru ulikuja tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka uliofuata nchi ikawa Jamhuri, na Rais mpya akalihutubia Bunge kwa Kiswahili.

Shakespeare anavaa kanzu

Watu wengi hushangaa wanapoambiwa kwamba katika miaka ileile ya kujenga serikali mpya, Rais alikuwa anatafsiri tamthilia za William Shakespeare katika muda wake wa faragha. Tafsiri ya tamthilia kuhusu Julius Caesar, mtawala wa Roma aliyeuawa na watu wake wa karibu, ilitoka mwaka 1963. Mwalimu hakuridhika nayo. Aliipitia upya, akasahihisha, na mwaka 1969 ikatoka tena, safari hii hata jina likiwa limevaa Kiswahili: Juliasi Kaizari.

Hapo pana funzo kwa kila anayejifunza lugha. Mkuu wa nchi, msomi wa Edinburgh, alirudi kwenye kazi yake iliyokwisha chapishwa na kuisahihisha mbele ya wasomaji wote. Alijua kwamba maana ya neno haikamatwi kwa mara moja.

Mwaka huohuo wa 1969 ilitoka tafsiri yake ya pili, ile ya tamthilia ya mfanyabiashara wa Venice. Kwa Kiingereza jina lake lina neno "merchant", yaani mfanyabiashara, na ni mmoja tu. Mwalimu aliita tafsiri yake Mabepari wa Venisi. Alifanya mambo mawili kwa mara moja: alimgeuza mmoja kuwa wengi, na akachagua neno bepari.

Neno bepari lilifika pwani yetu kutoka kwa wafanyabiashara wa Kihindi, na hapo mwanzo lilikuwa na maana ya mchuuzi au mfanyabiashara tu. Lakini kufikia 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, masikioni mwa Mtanzania bepari alikuwa mtu anayekusanya mali kwa jasho la wengine. Kwa hiyo jina lile la Kiswahili linasema jambo ambalo jina la Kiingereza halilisemi. Wapo wanaoona kwamba Mwalimu alivuka mpaka wa mtafsiri, akamfanya Shakespeare ahutubie mkutano wa TANU. Wapo wanaoona alisoma ndani ya tamthilia ile, yenye mkopo unaodaiwa kwa nyama ya mwili wa mtu, akaona biashara ya aina gani inazungumzwa humo. Vyovyote utakavyoamua, ili ubishane naye ni lazima uyajue maneno yote mawili vizuri, la Kiingereza na la Kiswahili. Huko ndiko kujua msamiati.

Maneno yanayoeleweka na mama mwenye mtoto mgongoni

Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967. Tazama maneno yake makuu. Kiingereza kina neno "exploitation". Msomi anaweza kulieleza kwa ukurasa mzima. Kiswahili cha Azimio kinasema unyonyaji. Mama yeyote anayemnyonyesha mtoto anajua kunyonya ni nini, na mfugaji yeyote wa Kigogo anajua kupe anafanya nini kwenye ngozi ya ng'ombe. Neno likishasemwa hivyo halihitaji kamusi.

Kiingereza kina "self-reliance". Kiswahili kina kujitegemea. Ukijua kutegemea ni kuegemea kitu ili usianguke, umeshajua kujitegemea. Kiingereza kina "socialism", neno lililobeba historia ndefu ya viwanda vya Ulaya. Katika kijitabu chake cha mwaka 1962 Mwalimu alilieleza kwa neno ujamaa, linalotoka kwenye jamaa, watu wa ukoo mmoja. Kijitabu hicho kilisomwa sana kwa Kiingereza, na neno ujamaa likaachwa lilivyo. Mara hii wasomaji wa London na Chicago ndio waliolazimika kujifunza neno gumu la Kiswahili na maana yake.

Maneno haya hayakuenda vijijini yenyewe. Mgogo mmoja wa Ihumwa, hapa kwetu, alikuwa miongoni mwa waliyobeba. Mathias Mnyampala, mshairi na mwandishi wa historia na desturi za Wagogo, alikuwa kiongozi wa chama cha washairi cha UKUTA, na ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wa ngonjera, mashairi ya majibizano ambayo watoto wa shule waliyaigiza mbele ya wazazi. Mnyampala alifariki mwaka 1969, lakini ngonjera ziliendelea kuwafundisha watu maana ya maneno mapya kwa njia ya swali na jibu. Ule ulikuwa mdahalo tena, kama wa Tabora, ila kwa Kiswahili.

Redio nayo ilifanya kazi yake. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio nchi nzima. Walisikia kipindi, wakasoma kitabu pamoja, wakajadili, kisha wakachimba vyoo na kufyeka nyasi karibu na nyumba. Habari za vimelea na maambukizi, ambazo chuoni zinafundishwa kwa Kiingereza kizito, zilifika zikiwa zinaeleweka.

Neno lililokuja bila kutafsiriwa

Lakini hapa Dodoma tunalikumbuka pia neno jingine la Kiingereza la miaka ile, ambalo halikutafsiriwa. Lilibadilishwa matamshi tu: operesheni.

Mwaka 1971 ilikuja Operesheni Dodoma, ya kuwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa. Mwalimu mwenyewe alikuja Chamwino, akakaa na wanakijiji na kufanya kazi pamoja nao. Vijiji vingi tunavyovijua leo, na shule zake, zahanati zake na visima vyake, vilipangwa wakati ule. Hayo ni kweli. Ni kweli pia kwamba mwezi Novemba 1973 kuishi vijijini kulitangazwa kuwa amri, na katika Operesheni Vijiji iliyofuata, sehemu mbalimbali za nchi zilishuhudia watu wakihamishwa kwa nguvu, wakaacha nyumba na mashamba waliyoyazoea.

Neno "operation" kwa Kiingereza lina maana kadhaa: uendeshaji wa shughuli, upasuaji wa mgonjwa, na hatua ya kijeshi. Mwananchi aliyelisikia kwa mara ya kwanza hakuwa na namna ya kujua ni maana ipi inayokuja kwake. Ujamaa ni neno linalobembeleza, lina undugu ndani yake. Mtu anaweza kulikubali au kulikataa kwa sababu analielewa. Operesheni lilielezwa na malori. Sisemi kwamba neno peke yake ndilo lililoleta machungu. Nasema kwamba pale neno lilipofika bila maana, mazungumzo nayo hayakufanyika. Wazee wanaosimulia habari za miaka ile hulitaja kwa sauti tofauti na wanavyotaja ujamaa.

Kazi aliyoiacha katikati

Kuna jambo jingine ambalo maisha ya Mwalimu yalituachia bila kumalizika. Kuanzia mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za umma. Mwaka huohuo lilianzishwa Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA. Ilitarajiwa kwamba sekondari zingefuata. Mwaka 1982 tume ya Rais kuhusu elimu, chini ya Jackson Makweta, ilipendekeza hivyo. Serikali haikutekeleza, na Mwalimu mwenyewe alikuwa na wasiwasi kwamba Kiingereza kingekufa nchini endapo kingeondolewa sekondari. Aliwahi kukifananisha na Kiswahili cha dunia: lugha ambayo Mtanzania anaihitaji ili aelewane na wengine, kama Mzanaki alivyokihitaji Kiswahili ili aelewane na Mgogo.

Hoja hiyo ina uzito wake. Lakini matokeo yake ni yule mtoto wa kidato cha kwanza anayetazama ubao mwezi Januari. Kufundishwa Kiingereza ni jambo moja, na kufundishwa biolojia kwa Kiingereza ambacho bado hujakijua ni jambo jingine. Mjadala huo unaendelea hadi leo, na wataalamu na wazazi bado hawajakubaliana.

Neno la mwisho lilikuwa la Kizanaki

Mwaka 1985 Mwalimu aliacha urais kwa hiari yake. Kiingereza kina "retire" na Kiswahili kilikuwa na kustaafu. Yeye hakutumia mojawapo. Alileta neno kutoka lugha ya mama yake: kung'atuka, neno la Kizanaki linalohusu wazee kuachia uongozi ili wengine washike. Leo liko kwenye kamusi za Kiswahili, na kila kiongozi anayekaa sana madarakani huambiwa ang'atuke. Lugha ya kabila dogo la Mara ilimpa Mswahili neno ambalo hakuwa nalo.

Baada ya kung'atuka alirudi Butiama, akalima, akasoma, akapatanisha, na akaendelea kutafsiri. Mwaka 1996 zilitoka tafsiri zake za Injili kwa mtindo wa utenzi wa Kiswahili. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999 na akazikwa Butiama.

Kwa mwanafunzi wetu wa kidato cha kwanza, maisha haya yanampa jambo la kufanya jioni ya leo. Ukikutana na neno gumu, liandike, tafuta maana yake kwenye kamusi, kisha litungie sentensi ya Kiingereza inayohusu kitu cha kwenu: mtama, ng'ombe, kisima, soko la Majengo. Halafu nenda jikoni ukamweleze bibi yako neno hilo kwa Kiswahili au kwa Kigogo, bila kulitaja kwa Kiingereza hata mara moja. Akikuuliza swali na ukaweza kulijibu, neno hilo ni lako. Akikuuliza ukashindwa, rudi kwenye kamusi. Mwalimu alirudi kwa Kaizari baada ya miaka sita.

Na kwa mzazi, usimcheke mtoto anayekuuliza maana. Anayeuliza maana ya neno kabla ya kulitumia ana mwanzo mzuri kuliko anayelitamka vizuri asijue amesema nini.